Visi ya Mkasi wa Mama

Juzi sokoni Uvira nilimwona fundi akinoa mkasi wa mteja kwa jiwe, kisha akaujaribu kwenye kitambaa kilicholowa, aone kama unakata au unatafuna. Nilisimama pale hadi akaniuliza nataka nini.

Papa aliunoa mkasi wa Mama hivyo hivyo, mchana mmoja nikiwa mtoto, uani kwetu, kwa jiwe bapa la ziwani. Ndagala, samaki wadogo tulioanika, zilikuwa zinanuka juani. Mama alikuwa amepandishwa Lemera, milimani, kutibiwa. Papa alipomaliza kunoa, alitia tone la mawese kwenye visi, ule msumari mfupi wa katikati, akanipa mimi mkasi.

“Fungua.”

“Iko nguvu, papa.”

Akalegeza visi kwa ncha ya kisu, akanipa tena. Akalegeza tena, mpaka vidole vyangu vikauweza. Nilijivuna. Nilidhani ananipa wa kuchezea, nikate makaratasi hadi Mama arudi. Sikujiuliza kwa nini Papa, ambaye hakuwahi kufanya kazi bila kupiga mluzi, alikuwa kimya, akiitazama mikono yangu tu.

“Na mama akirudia, utaikaza tena?”

“Ndiyo, nitaikaza,” akasema, akainama kupangusa jiwe lililokuwa safi tayari.

Kwa mkasi huo nilikata na kupunguza nguo za wadogo zangu mpaka wakakua. Ninao bado. Sasa umelegea mno mkononi mwangu, unatafuna kitambaa. Kukaza visi ni kazi ya dakika moja, lakini sijaigusa. Papa alisema ataikaza yeye, Mama akirudi.