Nani Alikuwa Anakung'uta?

Juzi nilimsindikiza mzee wangu, baba watoto, hospitali, maana kikohozi kimegoma kutoka. Daktari, binti mdogo tu, akamuuliza, “Babu, ulikuwa unafanya kazi gani?”

“Kuezeka, mjukuu wangu. Tulikata mabati ya asbesto kwa msumeno, narudi nyumbani mweupe kama nimetoka kusagisha unga.”

Binti akaweka kalamu chini, akanigeukia mimi. “Na hizo nguo, bibi, nani alikuwa anazikung'uta?”

“Sasa nani mwingine!” mzee akacheka.

“Basi na bibi tumpige picha ya kifua. Vumbi lile linaumiza mapafu, tena madhara yake hujitokeza baada ya miaka mingi.”

Ya mzee imeonyesha makovu, ameanza matibabu. Yangu safi. Nashukuru, ila nashukuru zaidi kuulizwa. Miaka yote ile nilidhani aliyekuwa kazini ni yeye peke yake.