Ami Alipoumaliza Ukwaju wa Kusugulia Shaba

Usiku ule nilikuwa nimeshaloweka ukwaju, bakuli zima, nikauweka kando ya chungu cha shaba cha jirani yangu Bi Zena. Chungu chenyewe ni cha Kichina, cha miguu mitatu, kimeota kutu ya kijani mpaka masikioni. Marehemu mumewe, aliyekuwa baharia, alirudi nacho kutoka Uchina, na miaka yote Bi Zena alikitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Sasa dari la nyumba yake linamwangukia, na asubuhi anakuja mnunuzi wa vitu vya kale. "Nisugulie king'ae, mwanangu," aliniomba. "Mgeni haonyeshwi uchafu." Nikakubali. Kwetu Mji wa Kale shaba husuguliwa kwa ukwaju kila Idi ikikaribia, nani asiyejua?

Duka la vitu vya kale nililirithi kwa Ami Sudi, ndugu wa baba yangu, aliyenifundisha kazi hii. Tangu afe sijathubutu kutoa neno langu, kama kitu chochote kikubwa ni cha kale kweli au la. Nafuta vumbi na kutabasamu, basi. Nikajilaza kwenye kochi la dukani, usingizi ukanichukua.

Mlango haukufunguliwa, lakini Ami yumo ndani. Amevaa kikoi chake cha nyumbani na ile kofia iliyomzidi kichwa. Wallahi nilifurahi hata nikasahau kwamba tulimzika. Nataka kumwamkia, naye ameshalichukua bakuli, anakunywa. Anakunywa ukwaju wote, mpaka kokwa zinamgonga meno.

"Ungetia sukari," ananiambia, akifuta masharubu.

"Ami! Huo ni wa kusugulia!"

"Kumsugua nani?"

Nageuka, na hatuko dukani tena. Tuko barazani kwa Bi Zena, na chungu kimekalishwa juu ya mto kama mgeni wa heshima, Bi Zena anakipepea. Hakuna anayeshangaa. Ami ananishika mikono yote miwili, kama zamani alipokuwa akinifunza, anaisugua juu ya kile kijani mpaka viganja vinapata moto.

"Nusa."

Nanusa. Shaba mpya hukuachia mkononi harufu kali, ile ya sarafu iliyofumbatwa siku nzima. Hapa hamna. Nasikia udongo tu, udongo mkavu. Ami anacheka mpaka kofia inamshukia puani. Kisha anaisukuma juu, ananitazama, hacheki tena.

"Mzee hajakwambia umri wake, wewe ushamtengea maji ya kuoga. Kijani hicho ndizo mvi zake. Ukimnyoa mvi, nani atamwamkia?"

Nataka kumuuliza mengi, huko aliko kukoje, mbona hakuja mapema, lakini adhana ya alfajiri inaingia katikati yetu, nami nikafumbua macho.

Bakuli lilikuwa limejaa vilevile. Nikakirukia chungu, nikakisugua kwa viganja mpaka vikapata moto, nikanusa. Hamna harufu ya shaba. Nikanusa tena. Nikacheka peke yangu kama mwehu huku machozi yananitoka, kwa vile nilikuwa nimemkumbuka Ami sana, na kwa vile sasa nilijua. Hiki ni cha kale, nikasema kwa sauti, na neno lilikuwa langu mwenyewe. Halafu nikalisukuma bakuli mbali nilipowaza nilivyokaribia kuukwangua uzee wake wote, ambao ndio mnunuzi angeulipia, na pesa za dari la Bi Zena pamoja nao.

Nikauchuja ukwaju, nikautia sukari bila ubahili, nikaenda kubisha hodi, jagi mkononi, chungu kwapani. Bi Zena akafungua, akaiona ile kutu, uso ukamkunjamana.

"Mbona hukukisugua, mwanangu? Na mgeni yuko njiani!"

"Mzee amekataa kuoga, Bi Zena. Anataka mgeni amwamkie na mvi zake." Nikampa jagi. "Lete gilasi. Ami anasema ukwaju huu ni wa kunywa."