Shimo la choo la Ilomba na kisigino changu

Leo mpwa wangu Atupele kakosa nyumba, eti kosa langu!

Nyumba iko Ilomba, nzuri, ila shimo la choo limetitia. Tukaenda na fundi kuchagua aina ya shimo la kujenga upya kabla hajalipia.

Fundi akashauri tangi dogo la kisasa, kiwanja chenyewe kidogo.

Nikamcheka. Mimi nimechimba mashimo kuanzia Chimala mpaka Kilolo, udongo naupima kwa kisigino! Nikasema tunajenga karo kubwa la matofali, ukoo mzima ule maharage na lisijae.

Nikakanyagakanyaga migombani. "Hapa! Udongo laini kama ugali."

Mama mwenye nyumba akasema taratibu, "Baba, hapo amelala mume wangu."

Fundi akavua kofia.

Mwingine angeomba radhi. Mimi nikamwambia, "Basi mhamishe, mama. Anayehitaji choo ni mzima."

Akamgeukia Atupele, akachukua ufunguo aliokuwa amempa aione nyumba. "Wewe mwanangu ningekuuzia. Ila huyu atakuwa anakuja kukusalimia."

Atupele kalia njia nzima, namwambia aache kudeka.

Semeni wenyewe: kaburi halina msalaba wala saruji, kosa langu liko wapi?