Niling'oa siti ya nyuma nikasema ni kwa ajili ya besi

Kosa ni langu, nianze na hilo kabisa. Asitafutwe fundi, asisingiziwe shetani. Nilidanganya mtaa mzima, na leo nina mziki wa gari mnene kuliko wote pale kwetu, umelala stoo, na sina hamu hata ya kuuwasha.

Mie ni Mnyamwezi, kwetu Nzega. Naishi Madale, chumba na sebule, na nina duka la vipuri vya pikipiki Manzese. Mke aliondoka mwaka juzi, mtoto akaenda naye; mtaani nikasema wamekwenda kuuguza kwao. Nilichobaki nacho ni kigari, kale ka cc mia tisa tisini, ambako ukipakia watu wanne kwenye vile vilima vyetu lazima uzime AC kwanza.

Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa Mama Pili. Mama wa makamo, Mzaramo wa Kisarawe, anauza matunda pale njia panda. Jumanne na Ijumaa anakwenda soko la Mabibo kufuata mananasi. Kwa kuwa Mabibo ni njia yangu, alikuwa anapanda kwangu na wenzake wawili. Mzigo ulirudi na kirikuu, kale kagari ka mizigo, yeye alipanda na domo lake tu.

Na lile domo, jamani! Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na Mama Pili alikuwa haachi hata siku moja ipite bure. Nikimwamkia, "Shikamoo Mama Pili," ananijibu, "Shikamoo ya nini? Lete mgongo huo nipakie nanasi! Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe unalalamika petroli!"

Na mie namrudishia, "Nyie Wazaramo ngoma yenu ya mdundiko ikipita mnaacha maiti kwenye jeneza." Basi gari zima kicheko, kuanzia Madale mpaka Mabibo. Maganda ya karanga ndo usiseme, nilikuwaga nafagia kila Jumamosi.

Sasa kuna Ijumaa moja nilikuwa nimeamka vibaya. Mke wangu alikuwa kanitumia ujumbe kwamba harudi, nisimsubiri. Sikumwambia mtu. Mama Pili kapanda, kaniangalia, kasema, "Huyu Mnyamwezi leo kanuna. Mke kamkimbia kwa sababu kazoea kubeba mizigo tu, kumbeba mke hajui!"

Wenzake walicheka mpaka wakapigana mabega. Na mie nikacheka. Ningefanyaje? Mtani hakasirikiwi, ndo mila yenyewe. Lakini niliumia, wallahi niliumia mpaka dukani nikamrudishia mteja chenji mara mbili.

Hapo ndipo nilipokosa akili. Badala ya kumwambia, "Mama Pili, leo hapo umenigusa kidonda," nikaanza kutafuta namna ya kumshusha kwenye gari langu bila kumwambia shuka.

Nilikwenda kwa fundi wa mziki wa magari, kijana wa huku huku kwetu, mtaratibu sana. Nikamwambia nataka besi. Akagonga gonga milango, akaniambia, "Braza, kigari kidogo hiki hakitaki mambo makubwa. Nitakuwekea sabufa, spika ya besi ile bapa, inakaa chini ya siti yako. Milango nitaibandika karatasi nzito kwa ndani isitetemeke. Besi itatoka safi mpaka utashangaa. Siti ya nyuma haina kosa, iache."

Nikamwambia, "Ing'oe."

Akaweka bisibisi chini. Nikamwambia nataka sanduku kubwa la mbao, sabufa mbili za inchi kumi na mbili, lijae huko nyuma kote. Na amplifaya pamoja na betri ya pili aviweke chini, mbele ya siti ya abiria.

"Braza, hapo ndo panawekwa miguu."

"Weka hivyo hivyo," nikamjibu.

Jumanne iliyofuata Mama Pili kaja na wenzake, kafungua mlango, kakuta sanduku limevalishwa zulia jeusi. Nikaweka uso wa huruma, mnafiki mkubwa mie! Nikasema, "Nisamehe Mama Pili, fundi kasema bila kung'oa siti besi haikai."

Unajua alisemaje? Alicheka! "Kumbe na wewe unapenda ngoma! Umeshakuwa Mzaramo! Basi mie nakaa juu ya hilo hilo sanduku, makalio yangu yacheze bure mpaka Mabibo!"

Nikamwambia litavunjika. Akalipapasa lile sanduku, akafunga mlango polepole, wakaondoka kwa miguu kwenda kituoni, yeye na goti lake bovu. Mie nikafungulia mziki, vioo vikawa vinatetemeka, nikawapita pale kwenye mteremko. Alinipungia mkono.

Wiki ya kwanza nilijiona mjanja. Besi inagonga kifuani, hakuna karanga, hakuna makelele. Wiki ya tatu nikaanza kuona safari imerefuka. Nilikuwa nazima mziki katikati ya njia nisikie sauti ya mtu, nasikia feni ya amplifaya tu. Kumbe kwa siku nzima wale ndo watu pekee waliokuwa wanazungumza na mie habari isiyokuwa plagi na cheni ya pikipiki!

Mwezi ukapita. Jumapili moja Mama Pili kaja kwangu, anahema, kasimama getini. Nikamkaribisha ndani, akakataa.

"Nimetoka kwa fundi wako," akasema. "Nilikwenda kumgombeza. Nilimwambia kijana wewe umetuharibia usafiri, tafuta namna urudishe siti ya watu. Kaniambia ni wewe mwenyewe ndo umetaka. Kaniambia mpaka pa kuweka miguu ulipachagua wewe."

Nikajifanya natengeneza komeo la geti.

"Nilikukosea nini, baba?" akaniuliza. Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa yananisihi niseme. "Kama ni yale maneno ya mkeo, niambie. Sikujua kama ni kweli kakuacha, nimekuja kusikia juzi juzi. Niambie tu."

Wenzangu, mlango ulikuwa wazi kabisa! Nilitakiwa niseme neno moja tu, "ndiyo." Aibu ikanizidi. Nikasema, "Fundi muongo huyo. Anataka kujisafisha."

Akasema, "Haya," akaenda zake.

Kesho yake nilimwamkia, "Shikamoo Mama Pili."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

Basi. Hakuna mgongo, hakuna pembe za ndovu. Nilisimama pale njia panda kama mtu aliyepigwa kofi. Niliirudisha siti wiki ile ile, sanduku nikalitupa stoo, nikapeleka gari mpaka mlangoni kwake Ijumaa asubuhi. "Asante, baba, Mungu akuzidishie. Tumeshapata bajaji." Kila Ijumaa jibu ni hilo hilo, kwa adabu na tabasamu, mpaka nikaacha kuuliza.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike. Mwezi uliopita baba yangu mzazi alifariki kule Nzega. Kabla sijapanda basi, majirani wakaja kunishika mkono. Wakatandika mikeka, wakapika chai. Na mie katika msiba ule, Mungu anisamehe, nilikuwa namsubiri mtu mmoja tu.

Maana nilishamuona Mama Pili msibani kwa Mnyamwezi mwenzangu. Alijilaza mlangoni, akazuia maiti isitoke mpaka alipwe soda. Akavaa koti la marehemu akaiga kikohozi chake, mjane mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka. Hiyo ndo kazi ya mtani. Nikasema leo atakuja, atanitukana mie na baba yangu na ukoo mzima, na nitalia vizuri.

Alikuja. Kavaa kanga zake, kakaa pembeni na akina mama. Nikaona nianze mie. Nikamsogelea, nikasema, "Mzaramo, umefuata ubwabwa au umesikia ngoma?"

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Hapana, baba. Nimekuja kukupa pole. Mungu akupe subira." Akakaa robo saa, akaaga kila mtu, akaondoka.

Nimerudi kutoka kuzika, na bado sijamwambia ukweli. Kila nikifika getini kwake nageuka narudi. Nimeona niwaambie nyie kwanza, labda nitapata nguvu.

Jamani, mtu akikuumiza, mwambie umeniumiza. Ukichoka naye mwambie leo nimechoka, hata ukisema kwa hasira. Usimtafutie visingizio vya fundi na mbao. Na akija mwenyewe kukuuliza, usirudie uongo, tafadhali usirudie! Mie nimepewa pole na mtaa mzima, na hakuna hata mmoja aliyenitukana.