Jirani Asiye na Muziro

Wiki nzima nilikosa usingizi kwa sababu ya swali moja: mtu asiye na ukoo wa Kiganda anaweza kweli kusimulia historia ya ile bustani ndogo ya wanyama pale Ggaba? Binti wa marehemu Ssalongo, aliyeianzisha, aliniomba nifanye kazi hiyo, maana alijua nimemaliza chuo na niko nyumbani tu. Nikamwambia nitafikiri. Kufikiri, kwangu, ni ugonjwa.

Kisha nikapita Kabalagala, nikakutana na harufu ya senene, wale panzi wa msimu, wanaokaangwa kwa vitunguu, nikasimama kabisa njiani.

Zamani bustani ilikuwa ua tu wa nyumba ya Ssalongo, jirani yetu. Ilianza na fisi maji aliyenaswa kwenye nyavu. Mvuvi mwenyewe alikuwa wa ukoo wa fisi maji. Asingeweza kumuua, akampeleka kwa Ssalongo. Wengine wakafuata, huyu na tumbili mwenye jeraha, yule na korongo aliyevunjika bawa, kila mmoja na muziro wake, yaani mnyama wa ukoo ambaye wenyewe hawamli wala hawamuui. Jumapili walikuja kuwasalimia. Nilimwona mama mzima, amevaa gomesi lake la heshima, amempigia magoti fisi maji akimwuliza habari za nyumbani. Nami nikasubiri fisi maji ajibu.

Wa kwetu hakuwapo. Watoto wenzangu waliniimbia, "Mswahili hana mnyama!" Nikamwuliza baba, muuza duka, ambaye babu zake walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani. "Haramu tulizo nazo zinatutosha, mwanangu," alinijibu, akaendelea kupima sukari.

Lakini msimu wa senene ulipofika, Ssalongo aliniita kila asubuhi. "Binti ya Mswahili, kuja! Shika hii senene, mimi siwezi." Yeye alikuwa wa ukoo wa senene, hata kuwagusa hakutaka, na tumbili waliwapenda mno. Mkewe alikuwa wa ukoo wa kamongo, na kwa kuwa kila mmoja aliushika pia muziro wa mwenzake, hakuna aliyethubutu kumkatia fisi maji samaki huyo. Hiyo ikawa kazi ya baba. Nilinyonyoa mabawa ya senene huku nikimeza machozi, sielewi kama sisi ni wageni pale au watumishi. Kazi za watu wasio na kwao, nilidhani.

Nimechelewa kuelewa, na hata sasa sina hakika sana. Ua ule ulijaa heshima, lakini heshima haishibishi. Kila mmoja alikuwa na kitu asichoweza kukigusa. Bila mikono yetu, wanyama wale wangekufa njaa huku wanasalimiwa.

Nikampigia simu binti wa Ssalongo kabla sijabadili mawazo. Jumatatu nilisimama pale bustanini mbele ya wanafunzi kutoka Nakawa, nikaanza na mvuvi, nikafika kwa baba. Mwalimu wao akanikatiza: "Samahani, madamu, wewe ni wa ukoo gani?"

"Sina, mwalimu. Sisi ndio tulikuwa tunawalisha," nikasema, nikawapeleka kwa korongo.