Mtani aliyemkalisha Da Tekla kwenye mkeka wa wafiwa

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa shikamooni. Hii ID niliifungua zamani, nikawa nasoma tu nyuzi za watu na kucheka peke yangu. Leo naandika wa kwangu. Ni kweli tupu, majina tu nimebadilisha, maana baadhi ya wahusika wana wajukuu wenye simu.

Ni miaka ya tisini mwanzoni, Temeke. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, naishi Tandika kwa shangazi yangu, dada yake baba. Tumwite Mwajuma. Mzaramo, mfupi, anachechemea mguu mmoja, mdomo wake haulali.

Alikuwa anauza mitumba, zama zile za ruksa marobota yalipoanza kumwagika mjini. Aliishi na mwenzake, Da Tekla, Mmakua wa Masasi, Mkristo, mwenye cherehani kibarazani. Shangazi akileta magauni mapana kama mahema, Da Tekla anayapunguza mpaka yanakuwa ya watu.

Nyumba ya vyumba viwili waliijenga pamoja. Mimi nililala kimoja, wao kimoja.

Kitanda kimoja.

Nadhani mmeshanielewa. Kuna neno la mtaani kwa wanawake wa namna hiyo, mnalijua, na mimi silipendi. Wao hawakujiita chochote. Mtaa uliwaita mashoga walioshibana, maisha yakaenda.

Ila ukikaa nao ndani unaona. Shangazi hanywi chai mpaka mwenzake ainuke kwenye cherehani. "Tekla wee, chai inapoa," kila asubuhi, majirani wameshazoea. Ramadhani Da Tekla anafunga naye, si kwa dini, anasema akila peke yake chakula hakishuki. Na ndugu zake wakimletea ming'oko kutoka kusini, shangazi anaiita mizizi ya kulishia mbuzi, halafu anakula kuliko wote.

Niliwaangalia sana wale wawili. Nilikuwa na sababu yangu, nitaifikia.

Basi asubuhi moja shangazi akaanguka uani. Presha. Mpaka tunapata gari, kwisha habari.

Ukoo ukaja. Baba mkubwa Kondo, kaka yake shangazi, akashika msiba, na hapo ndipo Da Tekla alipogeuka mpangaji. Kuosha maiti akaambiwa akae pembeni, si Mwislamu. Hilo alilipokea. Lakini chumbani, kwenye mkeka wa wafiwa, walikaa mke wa baba mkubwa na binamu ambao shangazi alikuwa anawaona Idi kwa Idi. Da Tekla akaelekezwa uani akasaidie vyombo.

Akaenda. Mtu aliyelala pembeni ya marehemu miaka yote ile, amechutama anasugua masufuria ya watu, machozi yanadondokea humo humo kwenye jivu.

Baada ya mazishi nikamsikia baba mkubwa anamwambia mtu kwamba yule mama apewe muda mpaka arobaini, kisha atafute pa kwenda. Niliumia, wakuu. Lakini mtoto wa kike, wa miaka ile, nimwambie nini baba mkubwa?

Sasa vijana ambao hamjui. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Msibani mtani ana ruhusa ambayo hata shehe hana. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema mnayoyaficha. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

Nyumba ya pili alikaa mama Kulwa, Mnyamwezi. Yeye na shangazi walitukanana kwa mapenzi miaka na miaka. Siku ya pili ya msiba akaingia chumbani bila hodi, akatoka na kitenge cha shangazi kimefungwa juu ya kifua kama alivyokuwa anafunga yeye, anachechemea mguu ule ule. Watu wakaanza kuangua vicheko.

Akapita katikati ya ndugu, moja kwa moja mpaka uani. Akasimama mbele ya Da Tekla, mikono kiunoni.

"Tekla wee, chai inapoa," akasema. "Mie nimekufa, we waosha masufuria? Nani ananililia huko ndani, hawa wageni?"

Vicheko vikakatika.

Akamshika mkono, akamwinua na majivu yake, akamwingiza ndani. Akamwambia mke wa baba mkubwa, "Wifi, sogea. Mwenye kitanda kaja."

Wifi akasogea. Angefanya nini? Ni mtani.

Da Tekla akakaa, na hapo ndipo akalia kwa sauti. Wanawake wote wakalia naye. Mimi nililia mpaka kamasi.

Mama Kulwa hakuishia hapo. Akatoka kwa wanaume, akajilaza kizingitini na kitenge chake, akasema haondoki, marehemu hajaridhika, mpaka kaka yake ampe pole mwenye msiba. Baba mkubwa akacheka kidogo, akatazama huku na huku, hakuna wa kumwokoa. Akavua kofia, akaja mlangoni.

"Pole, Tekla," akasema. Kisha, "Pole, shemeji."

Mpaka leo sijui kama alitania au alijua anachosema. Ninachojua, arobaini ilipita na habari ya kuhama haikusikika tena. Da Tekla aliishi kwenye ile nyumba mpaka akazeeka, na baba mkubwa kila Idi alimletea nyama.

Sasa sababu yangu. Msiba ulipoanuliwa nilimkuta mama Kulwa chumbani anakunja kile kitenge. Akaniangalia sana. Akasema, "Na wewe, mwanangu, wa kwako ni nani? Nimjue mapema, nisije nikamkosea mkeka."

Mama yangu hakuwahi kuniuliza hivyo. Nikaufunga mlango. Halafu nikamtajia jina, mara ya kwanza kulitaja kwa mtu.

Akaitikia kwa kichwa. "Yule binti mrefu wa Mtoni? Haya. Nimemjua."

Basi.

Nilichojifunza ni kwamba ndugu utazaliwa nao, lakini ishi vizuri na mtani wako. Ipo siku yeye ndiye atakayekusemea usichoweza kusema.

Wenye visa vya watani msibani, shusheni hapa. Wenye matusi nawasikia, mimi ni Mzaramo, sinuni ovyo. Jibuni taratibu tu, maana yule mrefu wa Mtoni kavaa miwani anasoma begani kwangu, na ameshaniambia mara mbili kuwa chai inapoa.