Mkungu Uliokwenda Muleba Ukarudi

Majogoo wa kijiji cha Kanazi wamewika mara ya pili, na ukungu bado umelala juu ya migomba, Damian Ndyamukama anapofunga mkungu wa sita kwenye baiskeli yake. Anauma ncha ya kamba ya mpira kwa meno, anabana ndizi kwa goti, anapitisha kamba chini ya keria na kukaza. Kisha anasimama, mikono kiunoni, akiutazama mkungu wa saba ulioegemea ukuta.

Huu wa saba umechubuka upande mmoja na vidole vyake vya chini vimeanza kugeuka manjano. Binti yake, Kokuhirwa, mwenye miaka kumi na mitatu, anamshikia koroboi.

"Tata, huo uache tupike. Umechoka."

"Haujachoka kunishinda mimi," anajibu. "Ma Jovita akiikataa sita, aukatae na wa saba."

Ni Jumatatu. Juzi, Jumamosi, Damian alishindana kwa mara ya kwanza katika mbio ndefu za michezo mitatu: kuogelea kutoka kisiwa cha Musira hadi ufukwe wa Bukoba, kupanda baiskeli hadi Muleba, zaidi ya kilomita sitini, na kumalizia kwa miguu kilomita kumi na tano za vumbi na vilima. Mabega hayainuki. Nyayo zimetoka malengelenge.

Kikombe hakukitaka. Alishindana ili Jovita, mwenye genge la ndizi Hamugembe, mjini Bukoba, anunue tena ndizi zake. Leo atajua kama imesaidia.

Damian ana miaka arobaini na moja na elimu yake iliishia darasa la nne. Kwa miaka sita alimpelekea Jovita mikungu kumi na minane kwa wiki, safari tatu, mikungu sita kila safari. Agosti 1987 mke wake, Alistidia, alifariki kwa ukimwi, ugonjwa ambao watu wa Bukoba walikuwa wakiuita Juliana. Wiki iliyofuata Jovita alimpokea akiwa amesimama mlangoni mwa genge, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja.

"Wateja wanauliza ndizi zimetoka shamba la nani," alimwambia. "Nitawajibu nini, waitu, ndugu yetu?"

Tangu siku hiyo Damian huuza mikungu mitano kwa wiki, barabarani, kwa wapita njia wasiomfahamu, na kwa nusu ya bei.

Lakini kinachomchoma zaidi si ndizi. Uhayani mgeni hapokelewi kwa maneno matupu. Hupewa kahawa, akamwani, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa, azitafune pale pale mbele ya mwenyeji. Damian hutembea na zake kwenye mfuko wa shati, zimefungwa katika kipande cha jani kavu la mgomba. Siku ya mazishi ya Alistidia kikapu cha kahawa kilizunguka kibanja kizima, shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Kila aliyekipokea alikitazama ndani, akampa wa pembeni yake. Kilirudi kimejaa kama kilivyotoka.

"Miaka miwili sasa," anasema Damian. "Hakuna mkono hata mmoja ulioingia kwenye kiganja changu."

Katika kijiji chake amehesabu makaburi mapya kumi na manne tangu mwaka 1985. Ukimuuliza nani wa kulaumiwa, hafikirii mara mbili.

"Wakubwa. Mwaka sabini na nane, nduli alipovuka mpaka na jeshi lake, walitukusanya mgambo, wakatufundisha bunduki siku nane. Siku nane! Tukaenda Kyaka, daraja limevunjwa, nikavuka mto Kagera nimeshika kamba, risasi zikipita juu ya kichwa. Tulikwenda kwa sababu walitwambia adui ni nani. Huyu adui wa sasa alipoingia, nani alitufundisha hata saa moja? Walikuja na magari, wakaandika majina ya yatima, wakaondoka."

Analaumu pia maduka yaliyokaa tupu baada ya vita, hata mtu akakosa sabuni ya kumwogeshea mtoto. Ndiyo miaka ambayo vijana wengi walivuka mpaka wa Mutukula na kahawa ya magendo, wakarudi na vitambaa. Damian alikuwa mmoja wao kwa miaka miwili. Ukimuuliza alikuwa akilala wapi huko ng'ambo, na kwa nani, anainama kukagua mnyororo wa baiskeli.

Mashindano ya michezo mitatu si mageni Bukoba. Miaka iliyopita yalikuwa mafupi: kuogelea kidogo kando ya ufukwe, baiskeli hadi Kanazi na kurudi, kisha kuzunguka uwanja. Mwaka 1986 Damian alishika nafasi ya tatu, na Alistidia ndiye aliyemshikia nguo pale ufukweni. Mwaka huu kamati ilitangaza njia ndefu hadi Muleba. Habari zilimfikia akiwa dukani kwa Laxmidas, mfanyabiashara wa vipuri ambaye familia yake ni kati ya chache za Kihindi zilizobaki mjini.

"Mgonjwa wa Juliana hawezi kunyanyua hata kikombe cha uji," Damian anaeleza hesabu aliyoipiga siku ile. "Mimi nikitoka Musira kwa mikono yangu, nikafika Muleba, nikakimbia, watu wakaniona kwa macho yao, nani atasema naoza?"

Alipokwenda kujiandikisha, mwenyekiti wa kamati, Bwana Mwijage, alimtaka alete cheti cha daktari.

"Wengine wamevileta?" Damian aliuliza.

"Ndugu Ndyamukama, si mimi. Ni utaratibu."

"Umeanza lini?"

Mwijage alitazama dirishani. "Umeanza leo."

Daktari alimpima moyo na mapafu, akaandika kwamba anafaa. Damu yake ya kupimwa ukimwi ilikuwa imechukuliwa tangu Machi, ikapelekwa mbali, na hadi leo, Septemba, majibu hayajarudi. Kwa hiyo Damian hajui. Daktari alimweleza pia kwamba mtu anaweza kuwa nao miaka mingi, akilima, akibeba mizigo, mwili ukimtii kama kawaida. Damian alilisikia vizuri neno hilo. Amelitaja mara moja tu, kwa sauti ndogo, na akaomba tuzungumze mengine.

Laxmidas ndiye aliyemwandalia baiskeli, tena bila kumtoza. Alikaza spoku, akabadilisha tairi la nyuma, akatoa ushauri ambao haukuombwa.

"Damian, mashindano hii si soko. Toa madigadi. Toa kengele. Toa keria. Baiskeli kuwa nyepesi, wewe kuruka!"

Madigadi na kengele aliviacha vitolewe. Keria alikataa. Hakujua kwa nini, ila mkono wake ulikwenda wenyewe kuishika.

Jumamosi asubuhi washindani ishirini na watatu walisimama Musira, wakitetemeka kwa baridi ya ziwa. Aliyekuwa kando ya Damian, Lwakatare, karani wa mjini, alisogea hatua tatu na kuuliza kwa sauti ya kusikika: "Sasa mimi na huyu tutaoga maji mamoja?"

"Ziwa hili linafika Mwanza na Kisumu," Damian alimjibu. "Kama unaogopa, kaogee Kisumu."

Watu walicheka, hata waliosogea. Filimbi ikalia.

Damian alilelewa na mjomba wake huko Kemondo, kando ya ziwa, na ghuba ile ilimfundisha kuogelea kabla hajajua kusoma. Alipotoka majini mbele ya umati wa Bukoba alikuwa wa nne. Alisimama kidogo pale ambapo Alistidia alisimama na nguo zake mwaka ule. Safari hii shati lilikuwa juu ya jiwe. Akalivaa, akapapasa mfuko, kahawa ilikuwamo, akapanda baiskeli.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa miaka yote hiyo Damian hajawahi kwenda safari ndefu na baiskeli tupu. Anapotoka Kanazi hubeba ndizi. Anaporudi hubeba mawe, chumvi, au mzigo wa jirani. Mikono yake inajua kushika usukani uliolemewa kwa nyuma. Baiskeli nyepesi ya Laxmidas ilimrusha kama ndama. Kwenye mteremko wa kwanza gurudumu la mbele lilicheza, likakataa, likamtupa mtaroni. Alipoinuka, goti linavuja damu, watu walikuwa wengi kando ya barabara. Hakuna aliyekuja kumshika mkono. Wote walikuwa wakiitazama ile damu.

"Walirudi nyuma kama nimeshika nyoka," anasema. "Nikang'oa jani la mgomba, nikajifunga mwenyewe."

Aliendelea kwa kuyumba hadi Kanazi, ambako Kokuhirwa alimngoja kando ya barabara na maji. Kumi na mmoja walikuwa wamempita.

"Lete panga," alimwambia.

"Tata?"

"Kata mkungu. Ule mkubwa wa karibu na mama yako."

Karibu na mama yake maana yake ni karibu na kaburi, kwani Alistidia amezikwa kibanjani, hatua chache kutoka mlangoni. Mtoto alikata. Baba alifunga. Wapita njia walishika vichwa. Mmoja akapiga kelele: "Damian, soko liko nyuma! Umepotea njia!"

Hakupotea. Mkungu ulipokaa kwenye keria, baiskeli ilitulia kama mtu aliyerudi kwao. Kwenye milima alihema, ndiyo, lakini milima ya Muhutwe ameipanda akiwa na mikungu sita. Kwenye miteremko, wenzake walipokuwa wakibana breki kwa hofu, yeye aliachia. Mmoja baada ya mwingine akawapita, na wa mwisho kupitwa alikuwa Lwakatare, aliyegeuza shingo kutazama ndizi zikienda zake.

Muleba aliingia wa saba. Aliuegemeza mkungu kwenye ukuta wa jiko la mashindano, akawaambia kinamama wapishi, "Nimewaletea chakula," akaanza kukimbia. Zile kilomita kumi na tano hataki kuzisimulia. Anasema tu kwamba goti lilikufa ganzi katikati ya njia, na hilo lilimsaidia. Alimaliza wa sita. Lwakatare alimaliza wa kumi na tatu.

Uwanja ulipiga makofi. Damian anakiri kwamba kwa muda mfupi aliamini hesabu yake imetimia.

Kisha wakagawa vyeti. Bwana Mwijage alimpa kila mmalizaji cheti mkononi na kumpongeza kwa kumshika mkono. Wa kwanza, wa pili, hadi wa tano. Jina la Ndyamukama liliposomwa, mwenyekiti alikiweka cheti juu ya meza, akakisogeza kwa kidole kimoja hadi ukingoni. Kwa wa saba, mkono wake ukarudi.

Chakula kilipopakuliwa, Damian alichungulia jikoni. Sufuria mbili zilikuwa tupu, watu wakiomba nyongeza. Mkungu wake ulikuwa pale pale ukutani. Haukukatwa hata kidole.

"Sikuuliza," anasema. "Niliufunga tena, nikarudi nao Kanazi. Kilomita hamsini na kitu. Huo ndio ulionichosha."

Huo ndio mkungu wa saba.

Saa mbili asubuhi anafika Hamugembe akisukuma baiskeli. Genge la Jovita lina wateja wanne. Jovita, mwanamke mnene mwenye sauti inayofika ng'ambo ya barabara, safari hii hasimami mlangoni. Amekaa kwenye kigoda chake, na Damian analiona hilo kabla ya lolote.

"Ta Damian, nimesikia umeogelea kama kambare."

"Umesikia vizuri, Ma Jovita."

"Na mkungu hadi Muleba! Ulikuwa unamuuzia nani?"

"Kamati. Hawakuwa na njaa."

Wateja wanacheka, na Jovita anacheka nao. Anainuka, anazunguka baiskeli, anabonyeza ndizi moja moja.

"Nishushie mitatu," anasema hatimaye. "Huu, huu, na ule. Huo uliochubuka, hapana."

Mitatu kati ya saba. Damian anafungua kamba. Mizigo ikishashuka, anatoa kile kipande cha jani kutoka mfukoni, anakikunjua, na kunyoosha kiganja chenye kahawa.

Wateja wanageuka. Jovita anakitazama kiganja, kisha wateja wake, kisha kiganja. Ananyoosha mkono. Anachukua punje tatu kwa ncha za vidole, bila kugusa ngozi, anakunja pindo la kanga yake na kuzifunga humo fundo dogo.

"Nitatafuna nyumbani," anasema. "Jino linanisumbua."

"Pole na jino."

"Asante, waitu."

Damian anaanza safari ya kurudi na mikungu minne. Huo wa saba ataupika Kokuhirwa jioni hii; umekwenda mbali vya kutosha. Kwenye kona ya kutokea Hamugembe anasimama, anageuka nyuma, ambako Jovita anaonekana akihudumia wateja, kile kifundo kikining'inia kiunoni.

Anajua kitakakotupwa. Hata hivyo, anasema, mwaka jana mkono ule haukunyooka kabisa.

Mipango yake ameshaipanga. Kuanzia wiki ijayo ataogelea Kemondo kila Jumapili baada ya ibada. Mlima wa Muhutwe ataupanda kwa mikungu saba badala ya sita. Majibu ya damu yakifika, yatamkuta njiani.

"Mwakani narudi Musira," anasema, akikaza kamba. "Na safari hii naingia Muleba wa kwanza. Halafu nitakuja hapa, nitafungua mkono, na Ma Jovita atazitafuna hapa hapa mbele yangu. Nataka nizisikie zikivunjika."